Fundi Aliyeshindilia Bustani

Katika nyumba ile hakuna kitu kilichokaa upande. Picha za ukutani zilinyooka. Meza haikutikisika. Hata vikombe vya chai vilipangwa kwenye rafu, mikono yote ikitazama upande mmoja. Baba wa nyumba alikuwa fundi mwashi, na mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Pimamaji, kwa sababu ya kile kifaa chake cha kupimia usawa, chenye kichupa cha maji na povu dogo ndani. Povu likikaa katikati, kitu kimenyooka. Likikimbilia pembeni, Pimamaji hapati usingizi.

Mke wake alikuwa fundi cherehani, na yeye walimwita Bi Sindano. Cherehani yake ilikaa dirishani, na dirisha lilitazama uani. Alimpenda mumewe na hakuona haya kusema. "Wenzangu wameolewa na wanaume," aliwaambia wateja wake, "mimi nimeolewa na rula." Alisema kwa mzaha, lakini ukimtazama usoni ungeona anajivuna.

Kitu alichojivunia zaidi ni sakafu ya mlangoni. Pimamaji aliijenga mwaka waliooana. Ilikuwa ya saruji, laini, yenye mteremko mdogo usioonekana kwa macho, hivyo mvua ikinyesha maji yaliondoka yenyewe. Watu waliotaka kujenga waliletwa waione. Hakuna aliyeruhusiwa kupasulia kuni juu yake. Watoto wao wawili walijua sheria: ukiangusha nyundo, itazame kwanza sakafu, kidole chako utakitazama baadaye.

Mwaka ule baridi ilikuwa kali na ilikaa sana. Ilipoondoka, miti ya barabarani ilianza kutoa majani mapya, na watu wakafungua madirisha. Bi Sindano alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu. Wengine walichangamka kwa jua, lakini yeye alizidi kuchoka. Akipanda ngazi mbili tatu, moyo ulimwenda mbio. Akiinama kuokota kitambaa, kizunguzungu kilimshika. Mwishowe alikwenda kliniki.

Mkunga alimvuta kope la chini akatazama rangi ya ndani. Kisha akampima damu.

"Damu yako ni kidogo, dada," mkunga alisema. "Siku ya kujifungua kila mama hupoteza damu. Mwenye akiba anastahimili. Wewe akiba huna, na hiyo ni hatari kwako na kwa mtoto."

Alimpa vidonge vya kuongeza damu, akamwambia asiache hata siku moja. Akamwambia pia ale mboga za majani ya kijani kibichi kila siku, azikamulie limau, kwa sababu limau husaidia mwili kupokea kile kinachojenga damu. Na chai asinywe pamoja na chakula. Ainywe baadaye, maana chai huzuia kazi hiyo.

Vidonge viliwezekana, na limau halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mboga. Soko lilikuwa mbali, juu ya kilima. Mtu aliyechelewa kufika alikuta majani yaliyolala, na Bi Sindano kwa hali ile hakuwa mtu wa kuwahi. Mama mkwe wake, aliyeishi nao, miguu yake ilikuwa imeshastaafu, kazi ya Pimamaji ilianza soko linapofunguliwa, na watoto walikuwa shuleni.

Jioni ile Pimamaji alimsikiliza mkewe jinsi alivyowasikiliza watu waliomletea kazi. Hakumkatiza. Alipomaliza, alisimama akaenda kusimama uani, akatazama ile kona ya nyuma iliyobaki udongo, upande wa pili wa sakafu. Akarudi.

"Mtoto huyu hatazaliwa kabla hujachuma mboga mlangoni pako," alisema.

Bi Sindano alijua maana ya neno hilo. Mume wake hakuwahi kuacha kazi njiani, na hakuwahi kumwahidi mtu kitu akakosa kukitoa. Usiku ule alilala vizuri.

Kesho yake kazi ilianza, na ilikuwa raha kuitazama. Pimamaji alichimba ile kona yote. Akaleta lile chekecheke lake kubwa la waya analochekechea mchanga wa lipu, akachekecha udongo mpaka ukawa laini kama unga. Kila kilichobaki juu ya waya, yaani mizizi, majani yaliyooza, mabonge meusi na minyoo ya ardhini, alikibeba kwa toroli akakitupa nyuma ya choo. Hakutaka uchafu katika kazi yake. Kisha akajenga ukingo wa matofali kuzunguka kitalu, akaufunga kwa saruji pande zote nne, bila tundu. Akarudisha udongo ndani. Akaushindilia kwa kile chuma chake kizito cha kushindilia sakafu. Akaweka pimamaji, na povu likakaa katikati. Mwisho akapitisha mwiko wake wa uashi juu, taratibu, mpaka udongo ukang'aa.

Mama mkwe alitoka na kiti chake akakaa kuangalia. "Mwanangu hajawahi kujenga kitu kikaanguka," alisema. Bi Sindano, dirishani, alikubali kwa moyo mmoja. Hakuwahi kuona bustani nzuri namna ile.

Pimamaji alichora mistari kwa uzi, akafukia mbegu za mchicha na za spinachi kwa kina cha kidole kizima, akashindilia tena ili zisitikisike. Akamwagilia asubuhi, mchana na jioni, kwa bomba, mpaka maji yakasimama. Ndivyo zege linavyotunzwa. Zege usipolinywesha, linapasuka.

Walingoja, na hakuna kilichotoka isipokuwa vijiti vichache vya manjano, vyembamba kama nyuzi. Vilisimama siku chache, vikaoza shingoni, vikalala. Jua lilipowaka, juu ya udongo palifanya gamba gumu lenye nyufa. Pimamaji alipoona nyufa alishtuka. Aliongeza maji, akashindilia upya.

"Mbegu hizi ni mbovu," alisema.

"Mbovu kabisa," mama yake aliitikia. Akachukua pakiti iliyobaki na zile mbegu ndani, akajikongoja mpaka nyuma ya choo akazimwaga kwenye lundo la takataka. Bi Sindano alirudi kwenye cherehani yake. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, aliwaza, lakini hakulisema. Na yeye mwenyewe hakujua kosa liko wapi.

Mbegu nyingine zilinunuliwa, nazo zikaoza vilevile. Siku ya kurudi kliniki ilifika. Mkunga alipima, akatazama karatasi, akatazama uso wa Bi Sindano. Damu haikupanda, bali ilikuwa imeshuka kidogo. Mkunga alimuuliza kuhusu vidonge, na Bi Sindano alikuwa anameza kila siku. Akamuuliza kuhusu mboga.

"Mume wangu anazipanda," Bi Sindano alijibu.

"Na unazila?"

Bi Sindano alitikisa kichwa. Mkunga alimwambia kwamba mambo yakiendelea hivi, atalazimika kumpeleka hospitali kubwa, mbali na nyumbani, akakae huko mpaka ajifungue. Bi Sindano alirudi polepole, akipumzika kwenye kila kivuli. Alimweleza mumewe yote. Pimamaji alisimama. Alitoka akachukua bomba akaanza kumwagilia kile kitalu kilichokufa. Maji yalijaa mpaka ukingoni yakatulia, na uso wake ukaonekana ndani yake. Bi Sindano alimtazama dirishani na moyo ukamuuma. Mtu yule alikuwa anafanya kila alichokijua, na alichokijua ni kujenga.

Siku mbili tatu baadaye Bi Sindano alibeba vipande vya nguo visivyofaa kwenda kuvitupa nyuma ya choo. Alipozunguka ukuta alisimama. Juu ya lundo la takataka, juu ya ile mizizi na majani yaliyooza, mchicha ulikuwa umeota kama zulia. Majani yalikuwa mapana, ya kijani kilichokolea. Hakuna aliyeumwagilia. Hakuna aliyeupima. Kati ya shina na shina, mnyoo mmoja mnene alikuwa anajivuta kurudi udongoni.

Alikaa chini palepale. Kwa hiyo mbegu zilikuwa nzima. Zile zilizotupwa zilipona, na zile zilizotunzwa zilikufa. Ukweli ulikuwa mbele yake, lakini namna ya kumpelekea mumewe hakuiona. Utamwambiaje mtu kwamba takataka zake zimemshinda?

Akamkumbuka Bibi Miche. Huyu alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke mtu mzima aliyekuwa na miaka mingi kazini kwenye kitalu cha miche, mwenye udongo chini ya kucha hata siku za sherehe. Gauni lake lilikuwa kwa Bi Sindano, bado halijapindwa chini. Bi Sindano alituma mtoto aende kumwambia bibi aje kulijaribu. Hakusema uongo, ila hakusema yote.

Bibi Miche alikuja, akavaa gauni, akageuka mbele ya kioo. Akatazama nje kwa dirisha.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna aliyekufa, bibi. Kwa nini?"

"Naona kaburi pale kwenye kona. Zuri sana, lakini ni kaburi."

Bi Sindano alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akaanza kulia. Bibi Miche alimkalisha. Alipoelezwa habari ya kliniki, ahadi na lundo la nyuma ya choo, hakucheka tena. Alisema atamngoja mwenye nyumba.

Pimamaji aliporudi kutoka kazini, vumbi la saruji kwenye nyusi, alimkuta bibi amekaa uani na gauni lenye pini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, fundi. Nimekuwa nikiutazama ukingo wako. Miaka yote niliyofanya kazi kwenye vitalu, sijaona matofali yaliyopangwa hivi. Mkono wako umebarikiwa." Alisema kweli tupu, na Pimamaji alilijua hilo. "Sasa nipe kijiti."

Alipewa kijiti. Akaenda kwenye kitalu, akakichomeka kwenye udongo. Kikavunjika. Akamkabidhi Pimamaji kile kipande, akamshika mkono kama anavyoshikwa bwana harusi, akampeleka nyuma ya choo. Bi Sindano aliwafuata kwa mbali. Bibi Miche alichukua kijiti kingine akakichomeka kwenye lundo. Kikazama chote.

Pimamaji aliutazama ule mchicha. Akachuchumaa. Akashika jani.

"Mbegu ni zilezile?" aliuliza.

"Ni zilezile," mama yake alijibu kwa sauti ndogo, maana naye alikuwa amefika. "Nilizitupa mwenyewe."

"Sikiliza, mwanangu," Bibi Miche alisema. "Hukukosea ujenzi. Umejenga sakafu, na umeijenga vizuri. Lakini sakafu inatakiwa isipitishe kitu. Udongo wa bustani unatakiwa upitishe kila kitu. Mzizi ni laini kuliko uzi wa mkeo. Hauna sululu. Ukiushindilia udongo, mzizi utapita wapi? Nao unapumua, kama wewe. Maji yakisimama, hewa inatoka na mzizi unazama, unaoza. Na zile takataka ulizochekecha ukatupa ndizo chakula. Wale minyoo ndio vibarua. Wanatoboa udongo usiku na mchana, na hawaombi hata chai. Wewe umewafukuza kazi wote siku moja."

Hakuna aliyecheka. Pimamaji aligeuka akaondoka, akaingia ndani, akafunga mlango. Bi Sindano aliogopa kwamba amemwaibisha mumewe mbele ya mama yake na jirani. Alitaka kumfuata, Bibi Miche akamzuia. "Mwache," alisema. "Anabomoa kwanza ndani."

Asubuhi Bi Sindano aliamshwa na mlio wa nyundo. Alikwenda dirishani. Pimamaji alikuwa anatoboa ukingo wake mwenyewe. Aling'oa tofali moja, akaruka matatu, akang'oa jingine, ili maji yapate njia. Kila tofali alilong'oa alilifuta vumbi kwanza, ndipo akaliweka pembeni. Bi Sindano hakuwahi kumpenda kama alivyompenda saa ile.

Bibi Miche alikuja kabla ya kwenda kazini, akaketi juu ya ndoo akaanza kuagiza. Pimamaji alilima udongo kwa kina cha mkono kutoka kiganja hadi kiwiko, safari hii bila kuchekecha. Mawe tu ndiyo yaliyotolewa. Lile lundo la nyuma ya choo lilirudi lote kwa toroli, mchicha wake ukafukiwa humo, maana Bibi Miche hakutaka mjamzito ale kilichoota kwenye takataka, na mama mkwe alisimama njiani kuhakikisha hakuna mnyoo anayeanguka. Wakachanganya na samadi. Bibi Miche aliinusa kwanza. Samadi mbichi ina moto, alisema, huunguza mizizi, na ina vijidudu vinavyoweza kumdhuru mla mboga. Iliyooza vizuri haina harufu ya zizi. Ina harufu ya mvua.

Kitalu kilikuwa kipana mno, kwa hiyo walikigawa viwili na kuacha kijia katikati. Kipimo kilikuwa rahisi: mtu akichuchumaa pembeni, mkono wake ufike katikati bila kukanyaga. "Mguu wa mtu nao ni kishindilio," Bibi Miche alisema. Pimamaji alipanga kwenye kijia yale matofali aliyoyang'oa, na hapo alimwomba bibi ruhusa ya kutumia pimamaji. Aliruhusiwa.

Mbegu za mchicha ni ndogo kuliko chembe za chumvi. Ukizimwaga kwa mkono zinalundikana. Bibi Miche alisema zichanganywe na mchanga mkavu, ndipo zinyunyizwe. Pimamaji aliinua kichwa kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Kipimo gani? Moja kwa tatu au moja kwa nne?"

"Mchanga kiganja kimoja, mbegu za kushika kwa ncha za vidole, fundi. Hili si zege."

Walinyunyiza katika mifereji myembamba, wakafunika kwa udongo kidogo sana, kiasi cha kuzificha tu. Na hapo mkono wa Pimamaji ulijisahau. Mwiko ulikuwa umeshatoka mfukoni na umeshainama juu ya mstari wa kwanza, tayari kulainisha. Bi Sindano aliuchukua mkononi mwa mumewe, akaenda akaufungia kwenye droo ya cherehani, pamoja na vifungo. Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa. Baada ya kitambo Pimamaji naye akacheka.

Juu ya udongo walitandaza nyasi kavu, tabaka jembamba, ili jua lisiukaushe na matone ya maji yasiupige ukafanya gamba. Kwa kumwagilia, bomba liliwekwa kando. Watoto walitoboa kopo kwa msumari, na maji yakatoka kama mvua ya taratibu.

"Na nimwagilie mara ngapi?" Pimamaji aliuliza. Alitaka namba.

Bibi Miche alimshika kidole cha shahada akakiingiza udongoni. "Hiki ndicho kipimo chako kipya. Kikitoka kimelowa, nenda kazini. Kikitoka kikavu, mwagilia, asubuhi au jioni, si jua la mchana."

Basi ikawa kila asubuhi, kabla ya chai, Pimamaji anachuchumaa na kidole udongoni, amefumba macho. Majirani walimwona wakaulizana kama anaapa. Haikuchukua muda, mistari ya kijani ikatokeza. Walizisogeza nyasi pembeni kidogo ili miche ipate jua. Ilipobanana, Bibi Miche aliwaambia wapunguze, na hilo lilikuwa gumu kwa Pimamaji. Aliona kama anang'oa tofali kwenye ukuta uliosimama. Lakini miche iliyobanana hunyang'anyana chakula, na iliyong'olewa haikutupwa. Ilikwenda sufuriani.

Hiyo ndiyo mboga ya kwanza Bi Sindano aliyoila kutoka uani kwake. Ilikuwa kiasi cha kujaza kiganja. Pimamaji alikaa mbele yake akimtazama anavyotafuna, limau limekamuliwa juu, chai imefichwa kabatini mpaka baadaye. "Unasikia damu?" alimuuliza. Akaambiwa ampe nafasi ameze kwanza.

Mchicha ulipofika magotini hawakuung'oa. Walikata vichwa na kuacha shina, nao ukachipua pembeni, matawi mawili mahali pa moja. Spinachi walichuma majani ya nje na kuacha ya moyoni. Maganda ya jikoni, majani na majivu kidogo viliingia kwenye sanduku la matofali ambalo Pimamaji alilijenga kwa kuacha nafasi kati ya tofali na tofali, ili hewa ipite. Nyama na mafuta havikuingia, kwa sababu huita panya. Sanduku lile lilikuwa zuri kiasi kwamba Bibi Miche alileta wenzake wa kazini walione. Fundi ni fundi. Akishajua kitu kinataka nini, mkono wake haumwangushi.

Bi Sindano alipanda ngazi siku moja akagundua kwamba amefika juu bila kusimama. Hakusema kitu, aliogopa kujidanganya. Alingoja kliniki. Mkunga alivuta kope, akapima damu, akapima tena.

"Umefanya nini?" mkunga aliuliza.

"Vidonge vyako. Na mume wangu amejifunza kulima."

Mkunga alisema hospitali kubwa haina haja naye tena. Alirudi nyumbani kwa miguu yake, akamkuta Pimamaji amechuchumaa kwenye kijia. Akamwambia damu imepanda.

"Kiasi gani?"

"Mkunga anasema inatosha."

"Inatosha si kipimo, mama."

Akamtajia namba. Pimamaji alibaki amechuchumaa, akitazama udongo, na Bi Sindano akaona mabega yake yanatikisika. Alimwekea mkono kichwani. "Kupotea njia ndiko kujua njia," mama mkwe alisema kutoka kwenye kiti chake, na hakuna aliyembishia.

Mtoto alizaliwa katika majira yaleyale, jua likiwa bado ni la upole. Alikuwa msichana, mwenye mapafu mazuri. Bi Sindano alipoteza damu kama wanavyopoteza wote, na aliyobaki nayo ikamtosha. Walimweka kliniki siku chache, ndipo wakamruhusu.

Alipofika nyumbani, mtoto kifuani, alisimama nje ya mlango. Kitu kilikuwa tofauti. Sakafu ya mlangoni, ile ya mwaka wa ndoa, iliyoletewa watu waione, ilikuwa imekatwa. Ukanda mrefu ulikuwa umeng'olewa, kuanzia kizingitini mpaka chini ya dirisha la cherehani. Ndani yake palikuwa na udongo mweusi, umetandaziwa nyasi kavu, na katikati ya nyasi vijani vidogo vilikuwa vinachungulia.

Pimamaji alisimama pembeni, mikono nyuma, kama mtoto aliyevunja sahani.

"Kule kona ni mbali kwa mtu mwenye mtoto mkononi," alisema. "Nilisema mlangoni pako. Kona si mlangoni."

Bi Sindano alisogea mpaka ukingoni mwa ule ukanda. "Sakafu yako," alisema.

"Saruji ipo. Nitajenga nyingine mahali pengine." Alipokea mtoto, akamfunika uso kivuli kwa kiganja chake kikavu. "Hii acha ipumue."

Bi Sindano alichuchumaa taratibu akaingiza kidole kwenye udongo. Kiliingia chote, kikatoka kimelowa. Akautazama ule ukanda toka mwanzo hadi mwisho. Upande wa dirishani ulikuwa juu kidogo, na mstari mmoja wa miche ulikuwa umepinda wazi kabisa.

"Umenyooka?" alimuuliza, akizuia kicheko.

Pimamaji alimbeba mtoto vizuri zaidi, akautazama naye.

"Sijaupima," alisema.

Wakaingia ndani, wakaacha mlango wazi.